Mkono Begani mwa Mama

Ejok Studio,
Nyuma ya soko,
Lodwar.

Jumapili, 9 Novemba 2025

Mpendwa dada yangu Akuwam,

Ejok! Na kwa kuwa uko mbali, nitajiitikia mwenyewe: ejok. Hujambo? Shemeji Mabior hajambo, na mgongo wake je? Na huyo mzee wangu mdogo, Erupe, bado anawauma wenzake huko chekechea, au meno yameshapata adabu? Mwambie mjomba anasema kuuma ni kazi ya fisi, sisi kwetu tunatumia kijiko.

Sisi huku tu wazima, tunamshukuru Mungu. Joto ni lile lile ulilotuachia. Mvua imenyesha kwa wenzetu huko juu milimani, sisi tukaletewa mto tu: Turkwel ulijaa maji ya rangi ya chai ya maziwa, watu wakashinda darajani wakitazama. Jepkoech bado anajipepea na kulalamika kana kwamba alishuka jana kutoka kwenye baridi ya Iten, na nimeshamwambia kama ni kuzoea, angekuwa amezoea kabla ya mvi zangu. Wasichana wetu wanaendelea vizuri na masomo. Mimi ni mzima, ila tumbo limeanza kunitangulia mlangoni. Siku hizi nikichuchumaa kupiga picha ya mtoto, mama wa mtoto ndiye hunipa mkono niinuke.

Mama hajambo. Macho yake yamepona, Akuwam. Anaona.

Nimeandika hivyo nikaiweka kalamu chini, nikaenda kunywa maji. Hiyo ndiyo habari njema ya barua hii, na ndiyo hiyo hiyo iliyoniponza. Nitaifikia. Niache nizunguke kidogo kwanza. Unanijua: hata kumtongoza Jepkoech nilianzia kwa kumuuliza bei ya sukuma wiki.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia kwa karatasi kama mtu wa zamani. Nimejaribu ile simu. Nimerekodi sauti nikafuta, nikarekodi nikafuta, mpaka simu yenyewe ikanichoka. Halafu Thuok akaja kuniaga. Unamkumbuka Thuok wa kambi ya wakimbizi ya Kakuma, yule mrefu anayeinama hata kwenye milango isiyomgusa? Karatasi zake zimetoka. Anakuja huko huko Adelaide kwa kaka yake, na ameahidi kukuletea bahasha hii mkononi. Ndani yake kuna picha moja. Usiitazame kwanza. Soma kwanza, tafadhali. Kama umeshaitazama, na najua umeshaitazama, basi irudishe ndani ya bahasha uendelee.

Ili unihukumu kwa haki, itabidi ukumbuke nilivyoanza, maana wewe na mume wako mna mkono katika jambo hili. Ni Mabior aliyeniachia ile kamera ndogo ya fedha siku mlipoondoka, akisema mzigo umezidi. Mimi wakati huo nilikuwa karani wa stoo, natunza mabomba ya maji na kuhesabu viungo vya mabomba, na sikujua hata upande gani wa kamera unatazama watu. Picha zangu za kwanza ulizicheka sana. Nilikata vichwa kama mchinjaji. Nilienda Kalokol kuwapiga picha wavuvi, samaki wakatoka vizuri, macho yao yanang'aa, wavuvi wenyewe wakatoka weusi tii kama vyungu kwa sababu niliwasimamisha jua likiwa nyuma yao. Mmoja alisema, "Emuria, hii picha ni ya samaki wangu, mimi nilikuwa nimepita tu?"

Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza mwanga kwa kukaa mlangoni mwa stoo. Mchana wa Lodwar jua linapiga watu makofi usoni, lakini mtu akisimama hatua moja ndani ya mlango, uso unapoa, unaanza kusema. Nilipogundua hilo, kila aliyekuja kuchukua bomba alipigwa picha kwanza. Mkubwa wangu alilalamika kwamba watu wanakuja stoo wamepaka mafuta.

Ile harusi ya Lorugum nayo huijui vizuri, nilikuficha kwa aibu. Nilikuwa nabadilisha betri wakati wa pete. Nikainua kichwa, pete iko kidoleni, watu wanapiga makofi. Nikamwomba mchungaji warudie. Akanitazama, akawatazama maharusi, akasema kwa kipaza sauti, "Ya kwanza Mungu ameiona. Hii ya pili ni ya Emuria." Kanisa zima likacheka, na mpaka leo Lorugum wananiita Pete ya Pili.

Kutoka pale mambo yakatembea. Picha za vitambulisho, picha za mahafali, wanandoa waliotaka kusimama mbele ya pazia la maporomoko ya maji ilhali nje hakuna hata tone. Nikaacha mabomba, nikakodi chumba nyuma ya soko, nikakiita Ejok. Ukaniambia jina hilo ni la duka la unga. Sawa. Lakini watu waliingia.

Halafu Kakuma. Hapo ndipo nilipopata mkate wangu, na hapo ndipo nilipopata dhambi yangu.

Ni Thuok aliyenianzishia. Alikuja na picha ndogo ya kaka yake kwenye simu, kaka amekwenda kutembea milimani huko ng'ambo, amesimama kwenye theluji, akaniuliza kama naweza kuwasimamisha wawili hao pamoja. Mimi sikuweza. Lakini palikuwa na Mkongo mmoja, Gervais, aliyekuwa akirekebisha kompyuta karibu na soko la Wahabeshi, naye akaweza. Alimtoa yule kaka kwenye theluji akamsimamisha kando ya Thuok kama watu waliotoka kula pamoja. Thuok aliitazama ile picha, kisha akaipangusa kwa mkono wa shati ingawa haikuwa na vumbi.

Tangu siku hiyo tukawa washirika, Gervais na mimi. Tuliandika ukutani kwa rangi nyekundu: TUNAUNGANISHA FAMILIA. Wakaja. Mama aliye hapa na mtoto aliye Kanada. Mume aliye hapa na mke aliye Kampala. Kila mmoja ana mtu wake aliye mbali, na kila mmoja anataka kumwona amesimama karibu. Nilijiona nafanya kazi ya Mungu, Akuwam, nakwambia ukweli. Nilitembea pale Kakuma kifua mbele, tumbo likifuata.

Gervais ndiye aliyenifundisha siri ya kazi. Usimpachike mtu penye nafasi tupu, itaonekana. Tangu wakati wa kupiga, weka mtu mwingine pale, wa kimo kile kile, nguo inayofanana, ili kivuli kilale sawasawa na mkono uguse bega kweli. Baadaye unabadilisha uso tu. "Patron," huniambia, yaani bosi kwa Kifaransa chake, "mutu asiye na kivuli si mutu, ni muzimu!" Kwa hiyo mke wake Monique akawa ndiye mtu wetu wa kushika nafasi. Amekuwa dada wa watu, amekuwa shangazi, mara moja alivaa koti akawa padri.

Sasa nakuja kwenye lile la kwetu.

Unakumbuka siku tulipokwenda Lorugum kujengea kaburi la baba na kumwombea. Nilikuahidi nitakusimamisha na sisi kwenye picha. Nilikutumia ile picha, ukaniambia ulilia ndani ya basi ukienda kazini kuwaogesha wazee wa watu. Ulisema umeniona nimekuwa fundi. Ulichosema kilinivimbisha kichwa, na sikukueleza ile picha ilipatikanaje.

Mama alikuwa kwenye kiti kando ya kaburi. Wakati ule macho yake yalikuwa yamefunikwa na ule ukungu mweupe, anaona vivuli tu, mtu na mbuzi anawatofautisha kwa harufu. Wengine walijipanga nyuma yake, mimi nikabaki mbele na kamera. Nilimleta Monique kutoka Kakuma, nikamsimamisha mahali pako, nyuma ya Mama upande wa kushoto, nikamwambia aweke mkono begani mwa Mama. Akauweka. Monique hajui Kiturkana, akanyamaza.

Mama akasema, "Nani huyu? Ondoa mkono wako, unanilemea." Akatikisa bega kama ng'ombe anayefukuza nzi. Nilikuwa nimeshabonyeza. Monique akauondoa mkono, akarudi nyuma.

"Nani huyo, Emuria?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Lakini kueleza kwamba ni mke wa Gervais anayekushikia nafasi, ningelazimika kulitaja jina lako mbele ya kaburi la baba, na wewe unajua jinsi jina lako lilivyokuwa limefungiwa nje ya boma lile. Tangu siku ile Mama alipokwambia kwenye simu usimpigie tena mpaka usimame kwenye kaburi la baba yako, hakuna aliyethubutu. Hata yule mbuzi uliyemwacha, aliyekuwa akiitwa mbuzi wa Akuwam, alibadilishwa akawa "yule mweupe". Kwamba ulikuwa na mimba kubwa na karatasi hazijatoka wakati baba anazikwa, nilimweleza, akaniambia karatasi hazikuzaa mtu.

Kwa hiyo nikajibu, "Ni mgeni tu, Mama."

Ni mgeni tu. Shika maneno hayo.

Kama ningeishia kukutumia wewe ile picha, mambo yangekwisha. Lakini ilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Uso wako ulikaa, mwanga ulikubaliana, hata Gervais alipiga mluzi. Nami ni mtu wa sifa, usibishe. Nikaichapisha kubwa, nikaitia kioo, nikaipeleka Lorugum nikaitundika ndani ya nyumba ya Mama, ukutani, pale mgeni anapoingia lazima aione. Nilijiambia wageni watajua mtoto wa nyumba hii ni fundi. Na Mama je? Nilijua haoni. Hayo ndiyo yaliyokuwa moyoni mwangu, dada yangu, na sina namna ya kuyapamba. Nilitundika picha yako ndani ya nyumba ya kipofu, nikitegemea upofu wake.

Wageni waliiona. Waliikubali kimoyomoyo, wakakaa kimya kwa sababu ile ile iliyotunyamazisha sote.

Kisha wale madaktari wa macho wakaja Lodwar. Tulimpeleka Mama, wakamfanyia jicho moja, baadaye la pili. Walipomfungua bendeji mara ya kwanza nilikuwa mbele yake, nimejipanga kama bwana harusi. Akanitazama juu, akanitazama chini. "Emuria," akasema, "hili tumbo ni lako?" Manesi walicheka mpaka mmoja akakaa. Nilifurahi hata nikasahau kabisa kilichokuwa ukutani Lorugum.

Nilikumbuka tulipokuwa tumeshafika. Mama aliingia ndani, akaanza kuisema nyumba: moshi huu, buibui huyu, nani ameweka sufuria hii hapa. Halafu akanyamaza. Nilichungulia. Alikuwa amesimama mbele ya picha, pua yake karibu iguse kioo, na kidole kimoja kinafuata mkono ule, kutoka kwenye vidole begani mwake, kiwiko, mpaka usoni kwako.

Mimi nilifanya nini? Nilitoka nje nikakagua gurudumu la gari, ambalo halikuwa na tatizo lolote.

Hakuniuliza kitu. Nikarudi Lodwar. Nilipokwenda tena, hakuniuliza. Nikajiambia labda amefurahi, labda amepuuza. Lakini majirani wakaanza kuniambia Mama hali vizuri, anakaa kando ya kaburi mpaka kivuli kinahama. Amekitoa kibuyu chako cha maziwa alichokuwa amekificha, amekisafisha kwa kijinga cha moto, amekitundika. Zile shanga zako amezitunga upya kwa uzi mpya, kwa macho mapya.

Wiki iliyopita aliniita. Alinikalisha mbele yake kama nilivyokalishwa siku nilipopoteza ngamia.

"Alikuja," akasema.

Nikauliza nani, nikijua.

"Usinifanye mtoto. Alikuja kwenye kaburi la baba yake kama nilivyomwambia. Akasimama nyuma yangu. Akaniwekea mkono. Nami nikamfukuza kama nzi."

Niliinama nikaanza kuchora vumbi kwa kidole.

"Aliogopa kusema. Nilimfunga mdomo mwenyewe, angesemaje? Nilikuuliza ni nani, ukasema ni mgeni. Ulimwita dada yako mgeni, Emuria, naye amesimama pale anasikia. Na mimi niliusikia mkono wake. Ulikuwa mpole. Mkono wa mtoto wako utausahau vipi? Nikasema unanilemea."

Akuwam, Mama hakulia. Ningependa angelia. Aliongea kwa sauti ya mtu anayetoa hesabu ya mifugo iliyokufa. Halafu akasema anataka nikwambie umpigie simu. Miaka yote hii umeingoja sentensi hiyo, nami nimeingoja pamoja nawe, na ilipokuja ilikuja imepanda juu ya uongo wangu.

Nitakiri, shetani alininong'oneza. Nyamaza tu, Emuria. Amesamehe. Mpigie simu Akuwam, mpange maneno, aseme ndiyo Mama nilikuja, mambo yaishe. Lakini niliutazama uso wake nikaona kukusamehe kumempa mzigo mwingine. Wewe ametoka kukusamehe, yeye sasa hajisamehi. Anajihukumu kwa mkono ambao haukuwa wako.

Nikamwambia. Naapa nilimwambia.

"Mama, Akuwam hakuja. Ile picha nimeiunganisha."

"Umeiunganisha na nini?"

"Na kompyuta."

"Ni kompyuta iliyonishika bega?"

"Hapana, aliyekushika ni Monique. Mke wa mtu wangu wa Kakuma. Mkongo."

"Na uso ule ni wa nani?"

"Uso ni wa Akuwam."

"Basi," akasema, kama mtu aliyemaliza kesi.

Nilijaribu upande huu na upande ule. Nikamweleza Thuok na theluji, nikamweleza kivuli, nikamwambia kuhusu lile koti la padri. Nikatoa simu nimwonyeshe picha ya Monique kabla hatujambadilisha uso. Akaisukuma. "Umeniambia kila mwaka kwamba picha haidanganyi, mdomo ndio unadanganya. Leo picha imesema, mdomo wako unakataa. Nishike lipi?" Halafu akatabasamu, na tabasamu hilo ndilo lililoniua kabisa. "Tangu mkiwa wadogo unamfichia. Akivunja kibuyu, unasema ni mbuzi. Unafikiri nimemkasirikia kwa kuondoka bila kuaga. Sijakasirika. Usimfichie tena."

Nikamwambia nitamleta Monique aongee naye uso kwa uso. Akasema nimlete, atapewa maziwa vizuri, lakini asije kusema uongo nyumbani kwake.

Hivyo ndivyo nilivyo, dada. Miaka yote nimejifunza, peke yangu, bila mwalimu, kukata, kupaka, kulainisha, mpaka nikafika mahali ambapo mama yangu mzazi ananisikia nikisema kweli na haamini. Heri ningebaki na mabomba, viungo vyake ukiviunganisha vibaya, maji yenyewe yanavuja na kukuumbua. Kazi yangu hii haivuji.

Sasa kuhusu picha iliyo ndani ya bahasha. Itoe.

Tulipomaliza yale mabishano Mama alisimama, akaenda mwenyewe mpaka kaburini, bila kushikwa mkono, akaniagiza nimletee kiti kile kile. Akakaa. Akaniambia nisimame pale pale niliposimama siku ile. Sikuelewa. Nikadhani anataka picha ya macho yake mapya. Nikainua kamera, na nilipotazama ndani yake nikamwona ameupandisha mkono wake wa kulia, ameupitisha kifuani, ameuweka juu ya bega lake la kushoto. Pale ulipokuwa ule mkono. Ameufunika kabisa, kama mtu anayezuia kitu kisipeperuke.

"Piga," akasema. "Umpelekee. Mwambie sikuutoa tena."

Utaona picha imetikisika kidogo. Ni mimi. Sikuirudia.

Niliipeleka Kakuma kuichapisha. Gervais akaifungua kwenye kompyuta, akaona ile nafasi nyuma ya kiti, upande wa kushoto, kaburi na anga tu. Akasogeza kile kimshale, akaniuliza kama kazi nyingine yoyote, "Patron, hapa namuweka nani?"

Nikamwambia, "Usiweke mtu."

Akageuka akanitazama. Monique alikuwa mlangoni anakunja yale makoti na vitambaa vyetu. Nilikuwa nimemweleza yote, naye akaja akaitazama, akaugusa mkono wake mwenyewe, ule wa siku ile, akasema angejua angeubakiza. Kisha Gervais akachapisha. Ndiyo hiyo uliyoishika. Sikukata, sikupaka, sikulainisha. Mikunjo ya Mama ni yake, na nafasi ile ni yako.

Thuok alipokuja kuniaga alisimama ukutani kwetu akiitazama ile picha yake ya kwanza na kaka yake, tuliyoiacha pale kama mfano kwa wateja. Akasema akifika atasimama na kaka yake vile vile, upande ule ule, kisha anitumie, nilinganishe. Nikacheka, lakini nilimwonea wivu. Yeye picha yake ilidanganya kwa muda tu. Inakwenda kuwa kweli.

Sasa, Akuwam, mpigie Mama. Namba ni ile ile, simu inakaa kwa jirani, wakati mzuri ni jioni mbuzi wakisharudi. Atakuomba msamaha kwa ajili ya ule mkono. Sitakufundisha la kumjibu. Ukisema ulikuja, utakuwa umebeba uongo wangu mgongoni, na wewe tayari una mizigo yako. Ukisema hukuja, atakwambia unanifichia, kama mimi ninavyokufichia, atacheka, ataendelea kulala na lile jambo. Nimelipindua huku na huku kama mandazi, na naona njia moja tu ambayo mimi siwezi kuipita kwa niaba yako. Uje. Karatasi zako zimetoka, Erupe amekua, Mama anaona. Uje usimame pale kwenye nafasi, uweke mkono begani mwake, aseme unamlemea, na wewe usiuondoe.

Mimi nitakuwa na kamera. Au nitaiacha Lodwar, nikija tu kama kaka yako.

Nisamehe, dada yangu. Nimekuibia kurudi kwako kwa kwanza nyumbani nikampa Mama mfano wake. Jepkoech amesoma barua hii juu ya bega langu, anasema nimejilaumu vya kutosha, na kwamba mbuzi amekwisha kuiva. Wasichana wanakusalimu, wanataka kujua kama kangaruu ni wa kweli au ni wa kuunganisha. Gervais na Monique wanakusalimu ingawa hamjawahi kuonana, na Monique anasema akikuona atakujua, maana amekuwa wewe. Msalimie sana shemeji Mabior, mwambie kamera yake ya fedha bado naitunza. Mkumbatie mzee Erupe kwa niaba ya babu yake aliyempa jina, ila ujikinge asikuume.

Mungu wa baba yetu, anayetuma mvua kwa wenzetu nasi akatuletea mto, akulinde barabarani na angani, akufikishe salama.

Wako anayekungoja na kukupenda, kaka yako,

Emuria (Pete ya Pili)